Mtoto wa miaka minne anaposema aliruka usiku



Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa hapa Kadutu alituletea binti yake wa miaka minne. Mtoto alikuwa amesema katika shule ya chekechea, ile tunayoiita matenele, kwamba usiku aliruka na nyanya yake, wakala nyama. Majirani walikwisha kutoa hukumu: huyu ni mchawi. Mama alilia, akaomba tumfunguze mtoto. Tunakiri kwamba baadhi yetu tulikuwa tayari kumfungia chumbani na kumnyima chakula.

Katika shule ile kulikuwa na mwanafunzi wa chuo aliyeandika kazi yake ya mwisho juu ya namna watoto wadogo wanavyofikiri na kuishi na wenzao. Tulimwita. Alifungua daftari lake. Asubuhi ile mtoto mmoja alisimulia ndoto, wa pili akaongeza yake, wa tatu akazidisha. Binti yetu alikuwa wa nne. Hakuungama kitu, alicheza na wenzake.

Kisha alitueleza mambo ambayo hatukuyasoma katika shule ya teolojia. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliwauliza watoto ndoto inatoka wapi, akaandika majibu yao katika kitabu cha mwaka 1926. Aliona kwamba watoto wadogo hudhani ndoto inatoka nje, inakuja chumbani, na hata mtu mwingine anaweza kuiona. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaposema «niliruka», mara nyingi hadanganyi wala hana pepo. Bado hajajua kutenganisha ndoto na yaliyotendeka. Ujuzi huo unakuja polepole, kama meno.

Jambo la pili lilitugusa zaidi. Katika miaka ya 1990, watafiti Stephen Ceci na Maggie Bruck walionyesha kwamba mtoto mdogo anayeulizwa mara nyingi, na mtu mkubwa anayeonekana kujua jibu tayari, anaweza kukubali jambo lisilotokea. Basi tufikiri juu ya vyumba vyetu vya maombi. Mchungaji anauliza: «Nani alikupa nyama? Mlikula nani?» Mtoto ana njaa, anaogopa, anataka kurudi kwa mama. Atajibu. Nasi tutaita jibu lake ushuhuda, kumbe ni maneno yetu wenyewe yaliyopita katika kinywa chake.

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kuadhibiwa. Lakini hata bila sheria, Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba naye alipokuwa mtoto aliwaza kitoto. Hakuona haya. Kwa nini sisi tunamwadhibu mtoto kwa kuwa mtoto?

Tunawaomba wachungaji na wazee wa makanisa mambo matatu. Mtoto akisimulia jambo la kushangaza, msikilizeni bila kumwongezea maneno. Muulizeni mwalimu wake anavyocheza na anavyokula, maana mara nyingine nyuma ya maneno yake kuna njaa, kifo katika jamaa, au hofu ya vita ambayo miji yetu inaijua sana. Tena, wanafunzi wa vyuo vyetu wakija kuwachunguza watoto, wapokeeni: wazazi waombwe ruhusa kwanza, majina ya watoto yasiandikwe, na kazi ikimalizika warudi kutueleza walichokiona. Daftari lisilorudi haliwasaidii akina mama wa Kadutu.

Tulimwombea yule binti, tukamwombea na mama yake, wakarudi nyumbani pamoja. Jumapili anaimba na watoto wenzake, kwa sauti kuliko wote. Kila tunapomsikia, tunakumbuka mlango wa chumba ambao karibu tungeufunga.

Bwana awabariki.