Istilahi za Gari Mseto: Kutoka Bonde la Lukuledi hadi Newala

Magari yanayoendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme si mageni tena katika barabara zetu. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari la Prius huko Japani mwaka 1997, na katika miaka iliyofuata magari ya namna hiyo, mengi yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, yakafika Afrika Mashariki. Baadaye yakatokea yale ambayo betri yake hujazwa pia kwa umeme wa nyumbani, kama vile Outlander ya Mitsubishi iliyotolewa kwa namna hiyo mwaka 2013. Dereva na fundi wa Masasi hawana budi kuyaelewa magari haya, na mtafsiri ndiye anayetakiwa kuwapa maneno.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza dhana chache ambazo zikitafsiriwa ovyo zaweza kuleta hasara, na hata kifo. Istilahi tunazozitoa hapa ni mapendekezo tu, nasi tunawaomba wasomaji wazipime.

1. Mseto au chotara?

Maneno mawili yanagombea nafasi moja. Neno "chotara" limekwisha kuzoeleka katika kilimo na ufugaji: tunayo mahindi chotara na kuku chotara. Lakini chotara ni kiumbe aliyezaliwa na mbegu mbili. Ndani yake huwezi kutenga cha baba na cha mama. Tena neno hilo likitumiwa kwa mtu huweza kumuudhi. "Mseto", kwa upande mwingine, ni chakula cha mchele na choroko: vitu viwili vimepikwa pamoja, lakini kila kimoja bado chaonekana. Ndivyo ilivyo katika gari hili. Injini ni injini, mota ni mota, na kila moja yaweza kufunguliwa na kutengenezwa peke yake. Aidha, "dawa mseto" ya malaria na "serikali ya mseto" zimekwisha kuifungulia njia maana hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza "gari mseto".

2. La kuchaji au la kuchomeka?

Wengine huliita gari mseto lenye waya wa umeme "gari mseto la kuchaji". Jina hili halitoshi. Kila gari mseto huchaji betri yake, ama kwa nguvu ya injini ama wakati wa kufunga breki. Kinachoitofautisha aina hii ni kwamba huchomekwa katika soketi, kama simu. Istilahi nzuri hushika sifa inayotenganisha, wala si sifa inayoshirikiwa na wote. Hivyo tunapendekeza "gari mseto la kuchomeka".

3. Breki rejeshi

Dhana hii ndiyo nzito kuliko zote, na mfano wake mzuri ni safari ya mlima. Tuchukue dereva anayetoka Lukuledi, akapita Masasi penye vilima vya mawe, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Gari la kilo 1,800 likipandishwa mita 400 huhitaji nishati ya karibu uniti 2 za umeme, uniti zile zile tunazozinunua kwa LUKU. Hizo ni za kuinua uzito peke yake, mbali na msuguano wa barabara na ukinzani wa hewa.

Katika gari la kawaida, nishati hiyo hupotea wakati wa kuteremka: breki huigeuza kuwa joto. Ndiyo sababu madereva wa malori ya korosho hufundishwa kushuka kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisiungue. Katika gari mseto, mota hugeuka kuwa jenereta wakati wa kuteremka: huyazuia magurudumu na kupeleka umeme katika betri. Mlima ni kama mdaiwa: hulipa alichokopeshwa, ila halipi chote, kwani sehemu nyingine hupotea njiani.

Tumeliepuka neno "rejelevu" kwa kuwa limekwisha kutumika katika "nishati rejelevu", yaani nishati isiyokwisha, kama ya jua na upepo. "Rejeshi" hutokana na kurejesha, na kila mwanachama wa kikundi cha kukopeshana ajua maana ya marejesho.

Hapa mtafsiri awe macho. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea kitu. Dereva akilala Newala, akachomeka gari usiku kucha mpaka betri ikajaa pomoni, kisha asubuhi akaanza kuteremka, breki rejeshi hupungua nguvu, na kazi kubwa hurudi kwa breki za kawaida. Kwa hiyo agizo la kwamba "betri ijazwe kabla ya safari" lamfaa anayeanzia bondeni, lakini lamtatiza anayeanzia juu. Afadhali mtafsiri aandike: "Kabla ya mteremko mrefu, acha nafasi katika betri." Naye dereva akumbuke kwamba gia ya kuteremkia bado ina kazi yake.

4. Kuwaka, kuzimika na betri

Kiswahili husema gari "linawaka", kwa sababu tulilijua gari kwa moto wa injini yake. Gari likinyamaza, tunasema limezimika. Kwa gari mseto, usemi huu ni mtego. Injini yaweza kunyamaza kabisa huku gari likiwa tayari kuondoka mara mguu unapokanyaga mafuta. Mtu anaweza kushuka akidhani amelizima, kumbe liko katika mteremko, tena hai. Tunapendekeza mtafsiri atenge mambo mawili daima: "kuzima injini" na "kuzima gari". Taa inayoonyesha kwamba gari liko hai na iitwe "taa ya tayari".

Vivyo hivyo katika betri. Gari hili lina betri mbili: ile ndogo ya volti 12 ambayo kila fundi aijua, na ile kubwa inayoendesha mota, ambayo umeme wake waweza kuua. Anayeandika "ondoa waya wa betri" bila kusema ni betri gani anaucheza mchezo kwa uhai wa mwenzake. Tunapendekeza "betri ndogo" na "betri ya mwendo". Nyaya za betri ya mwendo huvikwa ganda la rangi ya machungwa. Jambo hilo liandikwe wazi, pamoja na onyo la kutozigusa pasipo mafunzo.

5. Kipupwe si majira ya theluji

Vitabu vya ng'ambo huwa na sura ndefu juu ya safari za milimani wakati wa baridi kali. Hueleza kwamba betri hutoa umeme mchache zaidi katika baridi hiyo, na kwamba katika baadhi ya magari injini huwashwa ili kupasha joto ndani. Mtafsiri akiandika "kipupwe" mahali pa majira hayo, msomaji wa Newala, ambaye kipupwe chake ni ukungu wa asubuhi na sweta, atadhani anaambiwa afunge minyororo ya theluji katika magurudumu mwezi wa Julai. Neno "kipupwe" libaki kwa majira yetu. Kwa nchi za mbali tuseme "majira ya baridi kali" au "majira ya theluji".

Hitimisho

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake peke yake, bali kwa kazi ambayo aliyeisoma ataifanya kwa mikono yake. Tungependa walimu wa ufundi na madereva watuletee maneno wanayoyatumia wenyewe katika karakana na barabarani. Huenda wamekwisha kupata neno lililo bora kuliko haya yetu.