Wakati wa Tauni, Nani Amwulize Mtawala?

Nyumba ya jirani ikishika moto usiku, kijiji chote hutoka mbio. Mmoja mwenye sauti kubwa hupaza: "Wewe, chota maji! Wewe, toa watoto! Wewe, vuta makuti yale chini!" Na watu wote hutii. Hakuna asimamaye katikati ya moshi akauliza, "Nani amekuchagua wewe utuamuru?" Angeuliza hivyo wakati ule, wenzake wangemsukuma kando.

Lakini tuseme mtu mmoja katika mstari ameona kwamba ndoo zinazopitishwa zimetoboka, na maji yote yamwagika njiani. Je, anyamaze kwa kuwa ni wakati wa moto? Akinyamaza, nyumba itateketea, na kesho watu watasema, "Tulijitahidi sana." Akisema, huenda mwenye sauti kubwa akamkemea: "Usituvunje moyo wewe!" Basi afanye nini?

Swali hili si la kijijini tu. Mwaka wa 2020, maradhi ya Korona yalipoenea duniani, karibu kila serikali ilisimama mahali pa yule mwenye sauti kubwa. Watu waliambiwa: kaeni nyumbani, fungeni maduka, msikusanyike hata mazikoni. Watu wengi walitii, kwa maana waliogopa kufa. Lakini ndoo je? Nani alizitazama? Leo nataka nikusimulie jinsi nchi moja ilivyolijibu swali hilo, na jinsi mtu aliyepewa kazi ya kuuliza alivyolipwa.

Funguo kwa mpinzani

Nchi yenyewe ni New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali kusini katika bahari ya Pasifiki, yenye watu kama milioni 5. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alionekana huko tarehe 28 Februari 2020. Mwezi haukuisha, na Waziri Mkuu, Bibi Jacinda Ardern, akatangaza kwamba watu wote wakae majumbani mwao. Amri hiyo ilianza usiku wa tarehe 25 Machi.

Hapo pakatokea shida nyingine. Wabunge nao ni watu, wakikusanyika wataambukizana. Kwa hiyo Bunge likaahirishwa. Lakini Bunge likifungwa, nani atamwambia waziri, "Simama utueleze umefanya nini"? Wakati huo ndio serikali inapokuwa na nguvu nyingi kuliko siku zote: yaweza kumzuia mtu asiende shambani kwake, asimzike mama yake, asifungue duka lake.

Basi siku ile ile ya tarehe 25, kabla ya kutawanyika, Bunge liliunda halmashauri ya pekee ya kuchungua kazi ya serikali katika mambo ya maradhi. Ilikuwa na wajumbe 11. Na jambo la kustaajabisha ni hili: wajumbe 6 kati yao walikuwa wapinzani, na mwenyekiti alikuwa Bwana Simon Bridges, Kiongozi wa Upinzani mwenyewe, mkuu wa chama cha National. Yaani serikali ilikubali kwamba funguo za ghala zishikwe na mtu yule yule anayeyatafuta makosa yake.

Halmashauri hiyo ilipewa uwezo wa kumwita mtu ye yote na kudai karatasi. Ilianza kukutana tarehe 31 Machi, kila mjumbe akisema kutoka mahali pake kwa njia ya intaneti, na mwananchi ye yote aliyependa aliweza kutazama na kusikiliza saa ile ile. Mawaziri waliitwa. Mkurugenzi Mkuu wa Afya aliitwa. Wakuu wa polisi, mabingwa wa maradhi, na wenye biashara waliofungiwa riziki zao, wote walisikilizwa. Mama aliyefungiwa nyumbani na watoto aliweza kuona kwa macho yake mkubwa wa serikali akiulizwa, na akijikwaa katika kujibu.

Waziri aliyekwenda pwani

Tazama sasa nguvu ya swali, hata kabla halijaulizwa. Waziri wa Afya wa wakati ule alikuwa Bwana David Clark. Yeye ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kuishika amri. Siku zile za kukaa nyumbani alionekana amekwenda kuendesha baiskeli milimani, naye akaomba radhi. Watu wakadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alipokuwa akijitayarisha kwenda mbele ya halmashauri, aliona kwamba hana budi kusema yote. Ndipo, mwanzoni mwa Aprili, alipomwarifu Waziri Mkuu kwamba alikwisha kuichukua jamaa yake kwa gari mpaka pwani, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka nyumbani, wakati watu wengine wakizuiwa kufanya hivyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Bibi Ardern alimteremsha akawa wa mwisho katika Baraza la Mawaziri, ila hakumwondoa mara moja, kwa kuwa hakutaka kuivuruga wizara katikati ya hatari. Mwezi wa Julai waziri huyo alijiuzulu.

Pengine utasema, safari ya pwani ni jambo dogo. Kwa baba aliyekatazwa kumwona mzazi wake mgonjwa, si dogo. Amri inayomfunga mdogo na kumwacha mkubwa haiwezi kudumu mioyoni mwa watu.

Ndoo zilizotoboka

Yako na makubwa zaidi. Njia moja ya kuuzima moto wa maradhi ni kumtafuta upesi kila mtu aliyekaribiana na mgonjwa, ili ajitenge. Serikali ilisema kazi hiyo yaendelea. Lakini bingwa wa maradhi ya kuenea, Bwana David Skegg, alipofika mbele ya halmashauri alisema wazi kwamba kupima watu na kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa kwahitaji nguvu zaidi. Mwezi huo huo wa Aprili daktari mwingine, Bibi Ayesha Verrall, aliyetumwa na Wizara ya Afya yenyewe kuikagua kazi hiyo, alitoa taarifa: watafutaji hawatoshi, wagonjwa wakiwa wengi kidogo tu kazi yalemea, na lazima nguvu iongezwe mara kadhaa. Serikali ilikubali. Tena daktari huyo huyo aliyeonyesha tundu la ndoo baadaye alichaguliwa mbunge kwa chama cha serikali, akafanywa waziri. Kumbe mwenye kuonyesha tundu si lazima awe adui.

Vivyo hivyo kwa barakoa na nguo za kuwakinga wauguzi. Wizara ilisema akiba ipo. Wauguzi na watunza wazee walisema mikononi mwao hazijafika. Mwezi wa Juni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba Wizara haikuwa na habari kamili za akiba iliyokuwamo katika maghala ya wilaya, na baadhi ya vitu vilikuwa vimepitwa na muda wake.

Halafu kulikuwa na jambo la sheria. Halmashauri iliuliza: amri hii ya kuwafungia watu nyumbani yasimama juu ya sheria gani? Ikaomba karatasi za ushauri waliopewa wakubwa. Serikali ikakataa kuzitoa. Mwanasheria mmoja akaenda mahakamani, na tarehe 19 Agosti 2020 majaji watatu wakakata shauri: kuwataka watu wakae nyumbani kulikuwa na haja ya kweli, lakini kwa siku 9 za kwanza, kutoka tarehe 26 Machi mpaka tarehe 3 Aprili, serikali iliwaamuru watu bila kuwa na sheria ya kuwalazimisha. Jambo jema lilifanywa kwa njia isiyo halali. Siku 9 zaonekana chache, lakini mtawala akizoea kuamuru kwanza na kutafuta sheria baadaye, siku moja ataamuru neno lisilo jema kwa njia ile ile.

Malipo ya mwulizaji

Labda unadhani watu walimshukuru Bwana Bridges. La! Bibi Ardern alipendwa mno siku zile, na kwa haki: alisema na watu kwa upole, na maradhi yalikuwa yakipungua. Kila aliyemkosoa alionekana kama mtu anayemwaga maji. Tarehe 20 Aprili Bwana Bridges aliandika kulaumu kuongezwa kwa siku za kufungiwa. Maelfu ya watu wakamjibu kwa hasira. Tena yeye mwenyewe alikuwa na doa: alisafiri kwa gari kutoka kwake Tauranga mpaka mji mkuu wa Wellington, mwendo wa kilomita kama 500, ili aongoze mikutano. Ilikuwa safari ya kazi, lakini watu waliuliza kwa nini asifanye kama wenzake, akaongoza kutoka nyumbani kwake.

Tarehe 22 Mei chama chake chenyewe kikamwondoa katika uongozi. Siku nne baadaye halmashauri ikavunjwa, maana Bunge lilikwisha rudi kukutana. Na katika uchaguzi wa tarehe 17 Oktoba chama cha Bibi Ardern kilipata viti 65 kati ya 120, na wapinzani wakashindwa vibaya.

Je, alifanya kazi bure? Hapa ndipo nakuomba, msomaji, ufikiri sana. Mpaka mwisho wa mwaka ule waliokufa kwa Korona nchini mwote walikuwa 25 tu. Sifa ya kwanza ni ya serikali na ya wananchi waliotii. Lakini serikali ile ilishinda huku ikiulizwa maswali mchana kweupe, na wala maswali hayakuiangusha. Yaliiambia mahali pa kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala nisikudanganye: mpinzani si malaika. Yeye naye ataka kura. Maswali yake mengine yalikuwa ya kujionyesha, na mengine ya haraka. Lakini mchunga mbuzi akipiga yowe kwamba ameona chui, usianze kumtukana kwa kuwa jana alikudai deni. Kwanza katazame kichaka. Mkimkuta chui hayupo, mwaweza kumkemea kwa starehe.

Na sisi je?

Utasema, hiyo ni nchi ya mbali, tena tajiri. Haya, tutazame karibu. Kenya, mwaka huo huo wa 2020, watu walisikia habari za fedha za Korona zilizopitia KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipofanya ukaguzi wa pekee alikuta ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa bila kufuata sheria. Tangu Machi 2018 Rais na kiongozi mkubwa wa upinzani walikuwa wamepeana mikono. Kupatana ni kwema, maana damu ilikuwa imemwagika. Lakini kiti cha mwulizaji kilibaki nusu kitupu, na kazi ikawaangukia zaidi waandishi wa habari, wakaguzi, na baadhi ya wabunge na maseneta. Bila wao habari zisingejulikana, na muguzi asiye na glovu angedhani ni bahati yake mbaya tu.

Basi na wewe, baba au mama unayesoma haya, usiseme, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Kijijini mwenu ipo zahanati, upo mfuko wa maji, kipo chama cha ushirika. Ikija shida, iwe kipindupindu au njaa au mafuriko, mtawapa viongozi wenu uwezo wa kuamuru na fedha za kutumia. Wapeni, na amri njema itiini upesi. Lakini siku ile ile chagueni pia watu wa kutazama ndoo, na mmoja wao awe mtu asiyekula sahani moja na mwenyekiti.

Maswali yao yawe machache na ya wazi. Amri hii imetoka kwa nani, na imeandikwa wapi? Ghalani mna nini leo, si juzi? Fedha zilizoingia ni ngapi, na zilizotoka zimekwenda wapi? Waulize kwa adabu: "Shikamoo, mzee mwenyekiti, tunaomba utusomee daftari." Mwenyekiti mwema hatakasirika. Atafurahi, kwa maana kesho wenye maneno wakimsingizia, wapo mashahidi waliokwisha kuliona daftari.

Na yule mwulizaji akija kuchukiwa, kama alivyochukiwa yule wa New Zealand, msimwache peke yake. Mkumbuke kwamba mlimtuma ninyi, na kwamba maji yaliyofika motoni yalifika kwa sababu mtu mmoja alithubutu kusema kwamba ndoo inavuja.