Rimoti Huomba, Haikati Umeme

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho mkononi mwa kila mwenye televisheni, nacho ni rimoti. Wapenzi wa Kiswahili sanifu hukiita kitenzambali, na neno lenyewe ni zuri, lakini sijapata kumsikia mtu sokoni Bariadi akiuliza bei ya kitenzambali. Kwa hiyo niruhusuni niseme rimoti.

Sababu ya kulizungumza jambo hili ni swali la msikilizaji mmoja wa Bariadi mjini. Baba yake, mzee wa miaka sabini na kitu, alipatwa na kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, na mchana kutwa hubaki peke yake nyumbani wakati wanawe wako kwenye shughuli. Kijana amenunua kompyuta ya mtumba, akaiunga na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, akaijaza ngoma za Kisukuma, za Bagika na za Bagalu, pamoja na filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kiswahili, kazi ile iliyompa jina Lufufu wa Dar es Salaam. Akanunua na rimoti yenye kipokeo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Rimoti hiyo huchagua ngoma, husimamisha, hupandisha sauti. Jambo moja tu limeishinda. Kompyuta ikishazimwa, rimoti haiwezi kuiwasha, na mzee hawezi kuinuka kwenda kubonyeza swichi. Je, iachwe ikiwaka kutwa nzima, au ipo njia nyingine?

Hewani nilimjibu kwa dakika chache. Hapa gazetini ipo nafasi ya kulieleza jambo lenyewe kuanzia shinani.

Rimoti ni kijitochi. Ile balbu ndogo iliyo puani mwake hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Ukitaka kuuona, chukua simu yako, fungua kamera, ielekeze kwenye pua ya rimoti kisha bonyeza kitufe. Utaona kijimwanga cheupe au cha zambarau kwenye kioo cha simu. Kama kamera ya nyuma haikuonyesha kitu, jaribu ya mbele, kwa maana simu nyingine zimewekewa kichujio. Jaribio hili halina gharama, na lingewaokoa wengi wanaonunua rimoti mpya wakati kilichokwisha ni betri.

Mwanga huo haukai umewaka. Huwaka na kuzimika kwa kasi ya kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya mpigo huo hukatwakatwa vipande virefu na vifupi vinavyofanya namba. Kila kitufe kina namba yake, na kila kampuni ina namba zake, ndiyo maana rimoti ya king'amuzi haiamrishi televisheni. Kipokeo kimefundishwa kusikiliza mpigo huo tu na kuupuuza mwanga mwingine. Hata hivyo jua lina infraredi nyingi mno. Kwenye banda la video ambalo mlango wake unatazama magharibi, saa kumi na moja jioni jua linapopiga kwenye kioo, rimoti huonekana imekufa. Funga pazia, itafufuka.

Mambo hayakuanza hivyo. Kampuni ya Zenith ya Marekani mwaka 1950 ilitoa rimoti iliyounganishwa na televisheni kwa waya mrefu, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatengeneza ya mwanga wa kawaida, lakini jua lilikuwa linabadilisha stesheni lenyewe. Mwaka 1956 Robert Adler akaleta rimoti isiyo na betri hata moja: ukibonyeza, kinyundo hugonga kifimbo cha alumini, nacho hutoa mlio ambao sikio letu halisikii bali televisheni inausikia. Infraredi ilikuja kutawala baadaye. Kwetu Tanzania Bara wengi tulikutana na rimoti baada ya mwaka 1994, stesheni binafsi za televisheni zilipoanza, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini. Kisha kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia, miji mingine ikafuata, na kila nyumba ikapata king'amuzi na rimoti ya pili ya kutafutwa chini ya makochi.

Sasa tuje kwenye kiini. Ili kifaa kiisikie rimoti, lazima jicho lake liwe macho. Na ili jicho liwe macho, lazima lile umeme. Hivyo basi televisheni uliyoizima kwa rimoti haijazimika. Imezima kioo na sauti, ikaacha mlinzi mmoja ndani anayekesha akisubiri namba yake. Ile taa ndogo nyekundu ndiyo kurunzi ya mlinzi huyo. Rimoti haikati umeme; huomba tu, na anayetekeleza ni yule anayekesha.

Kompyuta za zamani hazikuwa na mlinzi wa namna hiyo. Swichi yake ilikata umeme wenyewe, kama ya taa ya chumbani. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa muundo uitwao ATX, ambao ndio mpaka leo umo katika kompyuta nyingi za mezani. Katika muundo huo, kisanduku cha umeme hutoa volti 5 kidogo kidogo muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu waya uko kwenye soketi. Kitufe cha mbele nacho hakikati chochote. Hupeleka ombi, sawa na rimoti. Kwa hiyo kompyuta ya kijana wetu inao uwezo wa kuamshwa kutoka mbali. Swali ni nani anapewa zile volti 5 usiku.

Hapo ndipo lilipo tatizo lake, na lina asili ya mbali kidogo. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2008 ya kupunguza umeme unaoliwa na vifaa vilivyozimwa: kuanzia mwaka 2010 visizidi wati 1, na kuanzia mwaka 2013 visizidi nusu wati. Watengenezaji wa mazabodi wakaitikia kwa kuweka kipengele kiitwacho ErP kwenye menyu ya BIOS, ile inayofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa. Kipengele hicho kikiwashwa, matundu ya USB hunyimwa umeme kompyuta inapozimwa. Kompyuta za mtumba zinazotufikia zimetoka kwenye maofisi ya huko, na baadhi huja na mpango huo kama ulivyo. Kipokeo cha rimoti kimechomekwa kwenye tundu lisilo na umeme, mzee anabonyeza mpaka kidole kinauma, na hakuna anayemsikia.

Dawa yake ni kuingia BIOS na kuzima ErP, kisha kutafuta mahali panaporuhusu kompyuta kuamshwa na USB na kupawasha. Halafu ndani ya Windows, kwenye orodha ya vifaa, kuna kisanduku cha kutia alama ili kifaa kiruhusiwe kuiamsha kompyuta. Kitiwe alama kwenye kile kipokeo. Fundi mwenye uzoefu humaliza kazi hii kabla chai haijapoa.

Lakini hata baada ya hapo, mazabodi nyingi hukubali kuamshwa na USB kutoka usingizini tu, si kutoka kuzimwa kabisa. Tofauti yake ni kubwa. Kompyuta iliyolala imezima karibu kila kitu, isipokuwa kumbukumbu yake inayoendelea kupewa umeme ili isisahau ilikuwa inafanya nini. Ikiamshwa huchukua sekunde chache na ngoma inaendelea pale pale ilipokatika. Iliyozimwa imesahau yote na lazima ianze upya. Kwa mzee wetu ushauri wangu ni huu: isizimwe, ilazwe. Kitufe cha kuzimia kwenye rimoti kipangwe kiwe cha kulaza, na kompyuta yenyewe ijilaze ikikaa robo saa bila kazi, maana mzee naye atasinzia.

Je, gharama? Hapa ndipo watu hubishana pasipo kupiga hesabu. Kompyuta ya mezani inayowaka bila kazi hula kiasi cha wati 50. Ikikaa hivyo saa 24 kwa siku 30, ni uniti 36 za LUKU. Iliyolala hula wati 3 hivi, ambazo kwa mwezi ni uniti 2 na kidogo. Iliyozimwa ikiwa bado kwenye soketi hula kama wati 1, yaani haifiki hata uniti moja. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo shilingi 350, bila kodi. Utaona kwamba uniti 36 za bure zaweza kuisukuma nyumba ya kawaida ikavuka mstari ule, na kila kinachovuka kinalipiwa zaidi ya mara tatu. Uniti 2 kwa ajili ya mzee asiyeweza kuinuka, mimi sizioni kuwa hasara hata kidogo.

Ninaowaonea huruma ni wenye sola. Nenda vijiji vya Meatu au Itilima, utamkuta mtu ana paneli ya wati 50, betri, televisheni na king'amuzi. Jua likiwaka vizuri paneli hiyo humpa kiasi cha wati-saa 200 hadi 250 kwa siku. Sasa televisheni ya chogo iliyozimwa kwa rimoti pamoja na king'amuzi kilicholala, maana baadhi ya ving'amuzi vikilala hula karibu sawa na vikiwa macho, vikila jumla ya wati 10, kwa saa 24 ni wati-saa 240. Jua lote la siku nzima limeliwa na taa mbili nyekundu. Mwenye nyumba analalamika kwamba aliuziwa betri mbovu. Huyo rimoti yake aitumie kubadilishia stesheni. Kuzima azime ukutani.

Kuna kero nyingine ambayo wengi wameiona bila kuijua sababu. Kitufe cha kuwasha na cha kuzima kwenye rimoti nyingi ni kimoja, na namba inayotumwa ni ile ile. Rimoti husema bila kusikia. Haijui kama kifaa kimewaka au kimezima. Ukitumia rimoti moja kwa televisheni na kompyuta, mtoto akipita mbele ya jicho moja wakati unabonyeza, kimoja kitawaka na kingine kitabaki kimelala. Unabonyeza tena, vinabadilishana. Waweza kukaa hapo hata magharibi. Televisheni za HDMI zina njia ya kuzungumza na king'amuzi kupitia waya ule ule ili viwake na kuzimika pamoja, lakini kompyuta nyingi za mezani haziijui lugha hiyo. Mzee wetu na awe na vitufe viwili tofauti, kila kimoja kitiwe kijistika cha rangi yake.

Linabaki suala la umeme kukatika. Kompyuta iliyolala ikikatikiwa na umeme husahau yote, na umeme ukirudi huwa imezimika kabisa, tumerudi pale pale pa kuinuka. Ndani ya BIOS kuna mahali panapouliza umeme ukirudi kompyuta ifanye nini: ibaki imezima, irudie hali iliyokuwa nayo, au iwake. Kwa nyumba nyingi ningesema ibaki imezima. Kwa nyumba hii iwake, halafu ijilaze yenyewe baada ya ile robo saa. Ila umeme ukirudi huja wakati mwingine kwa kishindo, kwa hiyo kati ya soketi na kompyuta kiwekwe kile kidude cha kulinda friji, ambacho husubiri kidogo mpaka umeme utulie ndipo kiuachie upite.

Na radi je? Kanda ya Ziwa tunaijua radi, na kidude hicho hakiizuii. Wala rimoti haisaidii, kwa sababu, kama tulivyoona, haitenganishi kifaa na waya. Wingu likifunga ni kuchomoa soketini, pamoja na waya wa antena au wa dishi. Mzee hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo nilimwambia kijana azungumze na jirani anayeshinda nyumbani, amwonyeshe plagi ni ipi, na amwachie ufunguo wa mlango wa nyuma kabla mvua za Novemba hazijaanza.