Kabla ya Kuomba Jeshi, Lipigie Hesabu Goti Lako

Tangazo la KDF la kuandikisha makurutu likitoka, vijana wetu wa Pwani hukimbilia kitambulisho na vyeti vya shule. Mwili huukumbuka siku ya usaili, wakati daktari anapowaambia wachuchumae na kuinuka.

Mpwa wangu ana miaka 25, ni winga wa timu ya mtaa na anataka jeshi. Juzi aliniuliza, "Mjomba, niache mpira?" Nilimwambia asiache, ila apige hesabu. Mtu asiyefanya mazoezi hafiki mbali katika mbio za usaili. Na anayeanza kukimbia ghafla wiki mbili kabla anaweza kupata ufa kwenye mfupa wa mguu, kwa kuwa mfupa haukuzoeshwa polepole.

Hesabu ya kwanza ni muda. Kifundo kikiteguka kidogo, wiki mbili tatu zaweza kutosha. Lakini kano kubwa ya ndani ya goti ikikatika na ukafanyiwa upasuaji, kurudi mchezoni huchukua miezi 9 au zaidi. KDF huchukua vijana wa miaka 18 hadi 26. Wa miaka 19 akiumia, mwakani yupo. Wa miaka 25 anaweza kupoteza nafasi yake ya mwisho kwa ajili ya fainali ya kombe la mbuzi.

Ya pili ni aina ya mchezo. Goti aghalabu huumia mtu anapogeuka ghafla, anapotua vibaya baada ya kuruka, au anapogongwa. Kwa hiyo mpira, raga na karate vina hatari kuliko kuogelea au kukimbia taratibu ufukweni. Mabinti wajihadhari zaidi, maana kano hiyo huwakatika wao mara nyingi kuliko wanaume katika michezo ya aina moja. Kupasha mwili moto vizuri, pamoja na mazoezi ya mapaja na ya kujisawazisha, hupunguza majeraha.

Ya tatu ni jeraha la zamani. Wako wanaomeza dawa za maumivu ili wapite usaili. Hata ukipita, kule Eldoret wanakofunzwa makurutu, au Lanet wanakofunzwa maafisa, utakimbia na mzigo mgongoni siku baada ya siku. Goti bovu litajitangaza lenyewe. Afadhali umwone daktari mapema, upigwe picha, ujue moja.

Ushauri wangu kwa aliyekaribia ukomo wa umri: miezi mitatu kabla ya usaili, weka kando mechi za ushindani. Kimbia, ogelea, piga pushapu, uongeze kidogo kidogo kila wiki. Timu itapata winga mwingine.

Wapo watakaosema riziki hupangwa na Mola. Naam, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.