Kilio bila mwili: imani inatutuliza namna gani?

Leo siandiki juu ya mbolea wala juu ya magonjwa ya muhogo, ingawa udongo uko ndani ya jambo lenyewe. Watu kadhaa waliniuliza, hasa vijana wa promosyo zilizokuja nyuma yetu: mtu akipoteza wake na mwili hauonekane, atafanya kilio namna gani? Na Mukristo anaweza kumwambia nini, bila kumudanganya?

Kwetu Kivu ya Kusini hilo si swali la kubishana tu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya ine, mvua kubwa ilinyesha katika teritware ya Kalehe. Mito ilishuka na mawe, matope na miti mpaka Bushushu na Nyamukubi, pembeni ya ziwa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikutwa wamekufa, na wengine wengi sana hawakuonekana hata leo: walibaki chini ya matope au walipelekwa na ziwa. Serikali ilitangaza kilio cha taifa tarehe 8 Mei. Wale waliopatikana, wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, haraka haraka, juu hakukuwa namna ingine.

Mnajua kilio chetu kinasimama juu ya nini. Kinasimama juu ya mwili. Mwili unaogeshwa, unavalishwa, sanduku linaingia, shirika linakuja kuimba usiku, bamama wanaweka nyungu kubwa kwenye moto, wanaume wanachangisha, kisha tunaenda makaburini na kila mtu anatupa udongo kidogo kwa mkono wake. Ule udongo wa mkono ni kitu kikubwa. Pale ndipo kichwa kinakubali. Sasa mwili usipokuwako, kilio hakianze vizuri, na kisipoanza hakiishe. Mwanamke anakaa anajiambia: labda maji yalimufikisha Idjwi, labda iko mu hospitali fulani na hakumbuke jina lake. Mwaka unapita, hajui kama yeye ni mjane ao ni muke anayengojea.

Na juu ya kidonda kile, watu wanaweka maneno. Neno la kwanza ni lile la kusema dhambi za pale zilizidi. Nilisikia mtu analisema ndani ya taksi, na sauti ya kujiamini, kama vile alikuwa na barua kutoka mbinguni. Mtu wa namna hiyo afungue Injili ya Luka, sura ya 13. Pale wanamuletea Yesu habari ya watu waliouawa, naye mwenyewe anaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anauliza kama hao walikuwa wabaya kuliko wakaaji wengine wa Yerusalema, na anajibu kwamba hapana. Kisha anawageukia wenye kuuliza, anawaambia wajiangalie wao wenyewe. Kwa hiyo yule mwenye kusema "walistahili" hasemi neno la Kikristo, hata akilisema na Biblia mkononi.

Neno la pili ni "mapenzi ya Mungu". Hili ni gumu zaidi, juu watu wazuri ndio wanalisema, na wanalisema kwa upendo. Lakini sisi watu wa kilimo tuko na kitu cha kusema hapa. Vilima vya kule ni vikali, miti ilikatwa kwa makala na kwa mashamba, udongo umebaki bila kitu cha kuushika. Nyumba na masoko viko palepale mto unapotokea, juu hapo ndipo kuna bapa kidogo na barabara inayotoka Bukavu kwenda Goma. Mvua kali ikikuta hali hiyo, udongo utashuka. Ukimwambia mama aliyepoteza watoto kwamba Mungu alipenda hivyo, umemupa Mungu wa kuogopa, na umefunika kazi ambayo mikono yetu ilipaswa kufanya. Mimi naona ni heri kunyamaza.

Tena Yesu mwenyewe hakutumia maneno hayo mbele ya kaburi la Lazaro. Katika Yohana sura ya 11, anajua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka, na bado analia. Wakristo mingi tunapita haraka juu ya jambo hilo. Tunashika barua ya Paulo kwa Wathesalonike, pale anapowaomba wasihuzunike kama watu wasio na tumaini, na tunaigeuza kuwa amri: usilie, wewe umeokoka! Lakini Paulo hakukataza huzuni. Alikuwa anajibu kanisa changa lililokuwa na woga kwamba wapendwa wao waliokufa mbele ya kurudi kwa Bwana watakosa sehemu yao. Anawaambia hawatakosa. Machozi aliyaacha mahali pake.

Sasa tufike kwenye udongo. Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 15, watu wanauliza wafu watafufuka na mwili gani. Paulo anawajibu na mfano wa mbegu: inapita kwanza katika kufa, kisha inatoka kitu kingine, na Mungu ndiye anayekipa mwili. Wenzangu wa agronomi hapa wanacheka kidogo. Tunapopima mbegu, tunaweka punje 100 juu ya karatasi yenye maji, tunangojea siku kadhaa, tunahesabu zilizoota. Ile iliyokufa haioti. Inaoza.

Basi Paulo alikosea? Hakuwa anafundisha kilimo. Alisema kile mukulima anaona kwa macho. Chukua punje ya haragi. Ndani yake mumea mudogo uko tayari umekunjwa. Ukiipanda, zile nusu mbili za punje zinapanda juu ya udongo, zinalisha mumea, zinanyauka, zinaanguka. Mama aliyepanda hatapata tena punje ile aliyoshika mkononi, ameitoa kabisa. Lakini kinachosimama shambani hakitoki kwa jirani, kinatoka kwake, ni aina ileile aliyochagua. Umbo lingine, lakini ni yuleyule: hicho ndicho Paulo anataka Wakorinto washike. Na kwa mtu wa Bushushu, uzito uko pale anaposema Mungu ndiye anayetoa mwili. Hautokani na sanduku, wala na kuogeshwa, wala na kaburi la simenti lenye karo. Yule aliye chini ya matope, yule aliye ndani ya ziwa, na yule aliyezikwa na fanfare, wote wako mahali pamoja mbele ya Mungu.

Lakini mfano huu uko na mwisho wake, na ni vizuri kuusema wazi. Kuna mbegu ya mtende iliyochimbuliwa Masada, katika Israeli, yenye umri wa karibu miaka 2,000. Waliipanda mwaka 2005 na ikaota. Ni ajabu kabisa, lakini iliota juu ndani yake uzima ulikuwa haujaisha. Mtu aliyekufa hana kiini kinacholala ndani. Tumaini la Mukristo halisimame juu ya asili ya vitu, linasimama juu ya neno moja, kwamba Yesu alifufuka. Paulo mwenyewe, katika sura ileile, anakubali kwamba kama hilo si kweli, imani ni ya bure. Mwenye kilio anastahili kuambiwa hivyo, kwa ukweli wote: hili ni tumaini tunalolishika, hatuna karatasi ya labo ya kumuonyesha.

Kwa kazi yenyewe, familia isingojee mwili bila mwisho. Waketi, wapange siku, waweke picha ao nguo ya marehemu juu ya meza, shirika liimbe, jina litajwe kwa sauti, na siku ya kumaliza kilio ijulikane. Wakatoliki watatoa jina kwa padri kwa ajili ya misa, hasa tarehe 2 Novemba. Waprotestanti hawaombei wafu, wataomba kwa ajili ya waliobaki. Ndani ya familia moja kwetu wako wote wawili, na hakuna haja ya kufanya mabishano mbele ya mjane.

Wageni waige marafiki wa Yobu katika siku zile saba za kwanza, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Wasiige yaliyofuata.

Na kuna jambo lingine watu wa kanisa wanasahau. Mwezi wa tano maharagi ya msimu B yako bado shambani. Nyumba iliyopoteza watu siku ile ilipoteza pia mavuno ya mwezi wa sita, na pamoja nayo mbegu ya msimu A. Shirika lililoimba usiku kucha likusanye maharagi ya kupanda, kilo mbili huku, kilo moja kule, kisha lipeleke majembe kwenye shamba la mjane mwezi wa nane, mbele mvua haijarudi.