Tuwasikilize Sauti Sol Kabla ya Kuwahukumu

Majuzi hapa Kangundo niliwakuta wanafunzi wakimkemea mwenzao kwa kuisifu Midnight Train, albamu ya Sauti Sol ya mwaka 2020. Walidai kwamba kundi hilo, lililoanza mwaka 2005 na kutoa Mwanzo mwaka 2008, lilikuwa limejiuza kwa Kiingereza na kwa kampuni ya kigeni.

Nionavyo mimi, huo si uhakiki bali ni kuhesabu maneno. Marehemu Kakai Kilonzo na wenzake wa Kilimambogo Brothers, waliojiita kwa jina la mlima huu jirani, walianza kwa Kikamba kisha wakageukia Kiswahili. Sikumbuki Mkamba aliyewaita wasaliti. Watu walicheza tu.

Mhakiki hana budi kutega sikio. Katika “Suzanna”, gitaa lenye ladha ya zilizopendwa huandamana na silabi za Kiswahili, ambazo aghalabu huishia kwa irabu, na mwimbaji huivuta irabu apendavyo. Katika “Insecure”, konsonanti za Kiingereza huifunga sauti mapema, na mzigo wote huangukia upatanifu wa waimbaji. Wanaubeba vizuri, nakiri, lakini wimbo wenyewe haunigandi moyoni. Kwa hiyo albamu ina kasoro, ila si hiyo inayotajwa vijiweni.

Yule kijana alinyamaza. Laiti mwalimu wake angekuwapo, amwambie auimbe ubeti mmoja, kisha darasa zima libishane.