Gurudumu la mbao na majina ya sehemu zake

Gurudumu (ngeli ya LI-YA, wingi: magurudumu) ni neno lililozoeleka, lakini majina ya sehemu zake humtatiza mfasiri pindi gurudumu linapokuwa la mbao. Spoku, rimu na tairi, maneno yanayotumika zaidi leo, yameenea pamoja na baiskeli na motokaa. Yakihamishiwa kwenye gari la farasi la Uingereza ya karne ya 19, msomaji huona waya na mpira mahali ambapo fundi aliweka mti na chuma. Iliyo salama ni kuitazama kazi ya kila sehemu kabla ya kuipa jina.

Kitovu. Hii ni sehemu ya katikati, inayopitiwa na ekseli. Jina hili halina tatizo. Hata Kiingereza hukiita kitovu cha gurudumu la mbao kwa neno lenye asili moja na lile la kitovu cha mwili. Mafundi wa Uingereza walikichonga kwa elmi, mti ambao nyuzi zake zimepindana, hivyo haupasuki upesi hata ukitobolewa matundu mengi. Gogo lake liliachwa likauke kwa miaka kadhaa.

Viguzo. Hapa ndipo neno spoku linapopotosha zaidi. Spoku ya baiskeli ni waya uliokazwa. Kazi yake ni kuvuta. Mti unaotoka kwenye kitovu cha gurudumu la mbao hufanya kazi kinyume chake: hukaliwa na mzigo, nao huuhimili kama nguzo. Kwa hiyo kiguzo hueleza vizuri zaidi. Kiguzo kilitokana na mwaloni uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, wala si kukatwa kwa msumeno, ili nyuzi zisikatike katikati. Ncha yake ilichongwa ulimi, ukagongomewa katika tundu la kitovu.

Matao. Rimu ya baiskeli ni duara moja la chuma. Duara la gurudumu la mbao huundwa kwa vipande vilivyopinda, aghalabu vya mti wa eshi, na kila kipande ni tao. Kwa kawaida tao moja hupokea viguzo viwili. Gurudumu la viguzo 12 lina matao 6. Neno rimu huificha hesabu hii, na huuficha pia ukarabati: tao moja likioza, fundi huling'oa hilo na kuyaacha mengine.

Pete ya chuma. Mhunzi alipima mzingo wa matao kwa kuviringisha kigurudumu cha kupimia na kuhesabu mizunguko yake. Aliifanya pete iwe fupi kidogo kuliko mzingo huo, akaitia moto hadi ikatanuka, akalivisha gurudumu, kisha ikamwagiwa maji. Ilipopoa ilinywea na kuvikaza viungo vyote, kama noleo linavyobana mpini wa kisu. Linganisha:

(a) Tairi lililegea wakati wa kiangazi.
(b) Pete ya chuma ililegea kwa kuwa mbao zilinywea wakati wa kiangazi.

Sentensi (a) haina kosa la sarufi, ila msomaji atadhani upepo umepungua. Sentensi (b) humwezesha kuelewa kwa nini gurudumu hupelekwa kwa mhunzi: pete hukatwa, hufupishwa, kisha huvishwa upya.

Mtendaji. Fundi wa magurudumu huweza kueleweka kuwa mziba pancha. Seremala wa magurudumu hubainisha kazi ya mbao, na humtenga na mhunzi, ambaye kazi yake ni chuma.

Hakuna haja ya kuliondoa neno spoku. Katika baiskeli ndilo hasa. Suala ni mahali pake. George Sturt, aliyeendesha karakana ya magurudumu mjini Farnham, alichapisha mwaka 1923 kitabu kuhusu kazi hiyo, wakati motokaa zikichukua nafasi ya magari ya farasi. Mwanafunzi anayesoma maandishi ya namna hiyo kwa tafsiri hana karakana ya kwenda kuchungulia. Gurudumu atakalolijua ni lile litakaloundwa na maneno ya mfasiri, na likiwa na spoku, rimu na tairi, litakuwa la baiskeli.